Mkopo nafuu, soko la ndani au hatifungani ya nje: deni lipi huubana ukuaji wa uchumi zaidi?

Mjadala wa deni la taifa kwa kawaida huanzia na kuishia kwenye tarakimu moja, yaani uwiano wa deni na Pato la Taifa, kana kwamba nchi mbili zenye deni la asilimia 60 ya pato zimebeba mzigo mmoja. Hazijabeba mzigo mmoja. Kwa zaidi ya muongo mzima Japani imekuwa na deni linalozidi asilimia 200 ya Pato lake la Taifa bila kukosa kuwalipa wanaoidai, ilhali Ghana ilisimamisha malipo ya sehemu kubwa ya deni lake la nje mwezi Desemba 2022 ikiwa haijafika nusu ya kiwango hicho. Kinachozitofautisha ni aina ya deni: limekopwa kwa sarafu ya nani, kwa riba gani, linaiva lini (yaani siku ya kulirejesha), na anayelidai yuko wapi.

Makala haya yanalinganisha njia tatu kuu ambazo Serikali ya nchi ya kipato cha chini au cha kati huwa nazo inapotaka kuziba nakisi ya bajeti au kugharimia mradi mkubwa. Ya kwanza ni mkopo wa masharti nafuu kutoka mashirika ya kimataifa na serikali rafiki. Ya pili ni kukopa ndani ya nchi kwa kuuza dhamana za muda mfupi na hatifungani (hati za muda mrefu ambazo Serikali huwauzia wawekezaji, ikiahidi riba na kurejesha fedha zao) kwa sarafu ya nchi yenyewe. Ya tatu ni hatifungani ya kimataifa, inayouzwa kwa dola katika masoko ya mitaji ya nje. Kipimo cha ulinganisho ni kimoja tu: ni ipi inayouachia uchumi nafasi ya kukua, na zile zinazoubana zinaubana kwa njia gani.

Jinsi deni linavyoufikia ukuaji

Kanuni ya msingi ilielezwa na mwanauchumi Evsey Domar mwaka 1944, na hadi leo ndiyo inayotumika: uzito wa deni hutegemea kama uchumi unakua haraka kuliko riba inayolipwa. Tuchukulie nchi yenye deni la asilimia 60 ya Pato la Taifa, ambayo pato lake, pamoja na kupanda kwa bei, hukua kwa asilimia 8 kwa mwaka. Ikiwa wastani wa riba ya deni lote ni asilimia 4, uwiano wa deni utashuka kwa zaidi ya pointi 2 kila mwaka, ilimradi mapato ya Serikali yanatosheleza matumizi yake yasiyo ya riba. Wastani huo wa riba ukipanda hadi asilimia 10, Serikali italazimika kubakiza ziada inayozidi kidogo asilimia 1 ya Pato la Taifa, mwaka hadi mwaka, si kwa ajili ya kupunguza deni bali kwa ajili ya kulizuia lisiutangulie uchumi. Ziada hiyo haitoki hewani. Hutoka kwenye kodi mpya, au kwenye miradi iliyoahirishwa, na uzoefu unaonyesha kwamba bajeti ya maendeleo ndiyo hukatwa kwanza kwa kuwa mradi usioanza haugomi wala haudai mshahara.

Jambo la pili ni mapato ya Serikali, nalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko Pato la Taifa lenyewe, kwa sababu deni halilipwi kwa pato la nchi nzima, hulipwa kwa kodi iliyokwisha kuingia hazina. Nchi inayokusanya kodi ya asilimia 12 ya pato na inayokusanya asilimia 35 zinaweza kuwa na uwiano sawa wa deni huku ya kwanza ikiwa taabani. Ndiyo maana Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia, katika kupima kama deni la nchi ya kipato cha chini ni himilivu, huangalia pia malipo ya kila mwaka ya deni la nje dhidi ya mapato ya Serikali, na ukomo wake ni asilimia 14 kwa nchi yenye uwezo dhaifu wa kubeba deni, 18 kwa yenye uwezo wa kati na 23 kwa yenye uwezo mkubwa. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, zaidi ya watu bilioni 3 wanaishi katika nchi zinazotumia fedha nyingi zaidi kulipa riba kuliko kwenye elimu au kwenye afya. Athari yake kwa ukuaji huchelewa kuonekana, kwani mtoto aliyekosa mwalimu leo haingii kwenye takwimu za uzalishaji hadi miaka 15 baadaye.

La tatu ni hofu. Mwaka 1988 mwanauchumi Paul Krugman alionyesha kwamba deni likishavuka uwezo wa nchi kulilipa, huanza kufanya kazi kama kodi ya siri juu ya uwekezaji: mfanyabiashara anajua kwamba sehemu ya faida yake ya baadaye tayari imekwisha kuahidiwa wakopeshaji, kwa hiyo anasita kujenga. Serikali nayo hukosa ari ya kufanya mageuzi magumu, kwa kuwa matunda yake yatachumwa na wengine.

Je, kuna kiwango maalumu ambacho deni likikivuka ukuaji huanguka? Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walikitaja kiwango cha asilimia 90 ya Pato la Taifa, wakisema kwamba nchi zilizokivuka zilikuwa na wastani wa ukuaji ulio chini kidogo ya sifuri, na wanasiasa wa Ulaya na Marekani walilibeba hitimisho hilo kama hoja ya kubana matumizi. Mwaka 2013 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, yaani Thomas Herndon, Michael Ash na Robert Pollin, waligundua kosa katika jedwali la hesabu pamoja na namna ya kuzipa nchi uzito katika wastani ambayo ilitiliwa shaka, na baada ya marekebisho wastani ukawa asilimia 2.2. Kwa nchi zinazoendelea, utafiti wa wachumi wa IMF wa mwaka 2002 ulikadiria kwamba wastani wa athari ya deni la nje huwa hasi pale thamani yake ya sasa (yaani malipo yote ya baadaye yakihesabiwa kwa thamani ya leo) inapozidi asilimia 35 hadi 40 ya Pato la Taifa, au asilimia 160 hadi 170 ya mauzo ya nje. Makadirio kama haya yanafaa kumfanya waziri wa fedha asimame na kutazama, lakini hayafai kuwa mwongozo wa kuchagua mkopo, kwa sababu yanachanganya madeni ya kila namna katika kapu moja, na pia kwa sababu mara nyingi ni mdororo wa uchumi unaozaa deni, si deni linalozaa mdororo.

Bilioni moja kwa mikataba mitatu

Tuchukulie Serikali inahitaji kiasi kinacholingana na dola bilioni 1.

Masharti ya kawaida ya IDA, tawi la Benki ya Dunia lililoanzishwa mwaka 1960 kwa ajili ya nchi maskini, yamekuwa kwa miaka ya karibuni ni muda wa miaka 38, ambapo miaka 6 ya mwanzo ni kipindi cha neema kisicho na marejesho ya mtaji (fedha zenyewe zilizokopwa), na ada ya huduma ya asilimia 0.75. Mkopo huo wote ukishatolewa, malipo ya mwaka katika kipindi cha neema ni dola milioni 7.5. Baada ya hapo, asilimia 3.125 ya mtaji hurejeshwa kila mwaka kwa miaka 32, yaani dola milioni 31.25 pamoja na ada inayozidi kupungua.

Hatifungani ya kimataifa ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 8 inadai dola milioni 80 kila mwaka, na siku ya kuiva inadai bilioni nzima kwa mkupuo. Hatifungani ya ndani ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 14 inadai kiasi kinacholingana na dola milioni 140 kwa mwaka, kwa sarafu ya nchi.

Mtu akitazama riba peke yake, atasema hatifungani ya nje ni nafuu mno kuliko ya ndani, na hoja hii imetumiwa sana na mawaziri wa fedha mbele ya mabunge. Inasahau thamani ya sarafu. Ikiwa sarafu ya nchi hiyo inapoteza thamani kiasi kwamba dola inapanda bei kwa asilimia 5 kila mwaka, gharama halisi ya hatifungani ya nje kwa sarafu ya ndani inafika asilimia 13.4, na ile tofauti kubwa iliyoonekana karatasini inabaki chini ya pointi moja. Dola ikipanda kwa asilimia 6 au zaidi, hatifungani ya nje ndiyo inayokuwa ghali. Mkopo wa IDA, kwa hesabu hiyohiyo ya asilimia 5, unagharimu takriban asilimia 5.8. Kwa hiyo ushindani wa bei hauko kati ya njia tatu: mkopo nafuu uko mbali mbele, na zile mbili nyingine zinakaribiana kuliko inavyodhaniwa.

Mkopo wa masharti nafuu: bei ndogo, mwendo wa taratibu

Kwa upande wa ukuaji, ubora wa mkopo nafuu si riba tu bali muda. Barabara kuu au bwawa la umeme huanza kuongeza pato baada ya miaka kadhaa, na kipindi cha neema humwezesha mkopaji kungoja mradi uanze kuzaa kabla ya kuanza kulipa. Udhaifu wake uko kwingine. Majadiliano huchukua muda mrefu, fedha hutolewa kwa awamu kulingana na hatua za mradi, taratibu za manunuzi ni nzito, na mkopeshaji ana vipaumbele vyake ambavyo huenda visilingane na vya nchi. Aidha, kiasi kinachopatikana kina kikomo, na nchi ikipanda kipato hupoteza sifa ya kukikopa, jambo linalofanya mafanikio yake yenyewe yaisukume kwenye masoko ya bei ghali.

Si kweli pia kwamba deni nafuu haliwezi kulemea. Mpango wa kuzisamehe nchi maskini zenye madeni makubwa, ulioanzishwa mwaka 1996 na IMF pamoja na Benki ya Dunia, ulihusu madeni ambayo sehemu kubwa ilitoka kwa serikali na mashirika rasmi, si kwa wawekezaji wa masoko. Yalilimbikizana kwa sababu fedha nyingi hazikuzalisha cha kulipia, huku bei za mazao ya kuuzwa nje zikianguka. Ushahidi kwamba yalikuwa yakibana maendeleo ulionekana baada ya msamaha: Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya mpango huo mwaka 2001, na mwaka huohuo ikafuta ada za shule za msingi.

Soko la ndani: deni lisilotisha, lenye madhara yasiyosikika

Kukopa ndani kuna faida ambazo hazipaswi kubezwa. Serikali haiwezi kukosa sarafu inayochapishwa na benki kuu yake, kwa hiyo hatari ya kushindwa kulipa kwa ghafla ni ndogo. Riba inayolipwa hubaki nchini, katika mifuko ya pensheni, mabenki na kampuni za bima. Soko la hatifungani likikomaa huzipa kampuni binafsi kipimo cha riba cha kupangia hatifungani zao. Sehemu kubwa ya siri ya Japani iko hapa: deni lake ni la yen, na wanaolidai ni Wajapani wenyewe pamoja na benki kuu yao. Hata hivyo hakuna anayeweza kuisifu Japani kwa kasi ya ukuaji katika kipindi hicho, na huo ni ukumbusho kwamba kuepuka janga na kukua ni mambo mawili tofauti.

Madhara ya deni la ndani hupitia kwenye mikopo ya benki. Benki inayoweza kununua dhamana ya Serikali ya siku 364 kwa riba ya asilimia 14, bila kumchunguza mkopaji na bila kutenga mtaji mwingi kwa ajili ya hatari, haina sababu ya kumkopesha mwenye kiwanda kwa chini ya asilimia 18 au 20. Mwenye kiwanda naye hana biashara inayoweza kubeba riba hiyo, kwa hiyo hapanui, hanunui mashine, haajiri. Hakuna gazeti litakaloandika habari ya kiwanda kisichojengwa, na ndiyo sababu aina hii ya deni hupita bila kelele ilhali, kwa maoni yangu, katika nchi ambazo akiba ya wananchi ni ndogo na mabenki ni machache, ndiyo inayoubana ukuaji kwa uthabiti zaidi. Hatifungani ya nje inaweza kuleta janga mara moja katika muongo, lakini riba kubwa ya ndani hukata kipande cha ukuaji kila mwaka.

Muda nao ni tatizo. Pale wanunuzi wasipoiamini Serikali, au wanapohofia mfumuko wa bei, hukubali kununua dhamana za miezi mitatu, sita au kumi na miwili tu. Serikali inayoendesha nakisi yake kwa dhamana hizo hulazimika kukopa upya karibu kila wiki ili kulipa zilizoiva, na benki kuu ikipandisha riba kupambana na mfumuko, gharama ya deni hupanda ndani ya miezi michache. Hapo ndipo hujitokeza kishawishi cha kuitaka benki kuu ichapishe fedha za kuikopesha Serikali. Nchini Ghana, ambako benki kuu iliifadhili Serikali kwa kiasi kikubwa mwaka 2022 baada ya masoko ya nje kufungwa, mfumuko wa bei ulifika asilimia 54 mwezi Desemba mwaka huo.

Kuna pia deni la ndani ambalo halijaandikwa kwenye hatifungani yoyote, nalo ni malimbikizo ya wazabuni na wakandarasi waliotoa huduma na kusubiri malipo kwa miaka. Kitabuni halina riba, kwa hiyo huonekana nafuu. Kwa uhalisia anayelipa riba ni mkandarasi, aliyekopa benki ili kuifanyia Serikali kazi, na anaposhindwa kulipa, benki hubeba mkopo chechefu, yaani usiolipwa, na wafanyakazi wake hubeba mizigo yao kurudi nyumbani. Kati ya madeni yote yanayotajwa katika makala haya, sioni lililo baya zaidi kwa ukuaji kuliko hili, maana linaharibu kampuni zilezile ambazo zingejenga miradi ya kesho.

Hatifungani ya kimataifa: fedha za haraka zenye siku ya mwisho

Msemo wa kukopa harusi kulipa matanga unaihusu njia hii zaidi ya nyingine zote. Zambia iliingia soko hilo Septemba 2012 ikiuza hatifungani ya dola milioni 750 kwa gharama ya takriban asilimia 5.6, na wawekezaji walijitokeza kwa wingi mno kuliko kiasi kilichotakiwa. Ikarudi mwaka 2014 kwa dola bilioni 1, na mwaka 2015 kwa bilioni 1.25 kwa riba inayokaribia asilimia 9, wakati bei ya shaba ikishuka na kwacha ikiporomoka. Novemba 2020 ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 na kutangazwa kuwa imekiuka mkataba. Kiasi kilichoshindikana kulipwa kilikuwa kidogo ukikilinganisha na deni lenyewe, na hilo linaonyesha kwamba nchi huangushwa na upungufu wa dola siku ya malipo kabla ya kuangushwa na ukubwa wa deni.

Kenya haikufika huko, lakini iliuona ukingo. Mwezi Juni 2014 iliuza hatifungani yake ya kwanza ya dola bilioni 2, ikiwemo ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 6.875, na baadaye mwaka huo ikaongeza juu yake. Dola bilioni 2 zilipokaribia kuiva Juni 2024, mwaka mzima wa 2023 ulipita masoko yakijiuliza kama zitalipwa, huku shilingi ikiendelea kudhoofika. Februari 2024 Serikali iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 kwa gharama inayozidi asilimia 10 ili kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani, na shilingi ikapanda thamani kwa haraka ndani ya wiki chache. Kupanda huko kunaeleza kiasi cha hofu kilichokuwa kimejengeka katika bei ya sarafu, na kwa hiyo katika bei ya mafuta, mbolea na mashine zilizoagizwa wakati wote huo wa kusubiri. Nchi ililipa gharama ya hatifungani kabla hata haijaiva.

Pamoja na hayo, njia hii ina sifa zake. Fedha hufika zote kwa siku moja, haziji na masharti ya kisera, na kwa kuwa zinatoka nje haziwanyang'anyi wafanyabiashara wa ndani mikopo yao. Nchi yenye mauzo makubwa ya nje yanayokua inaweza kuibeba bila taabu. Kosa ambalo limejirudia mara nyingi ni la kulinganisha vipindi: mradi unaohitaji miaka 25 kurejesha gharama zake hugharimiwa kwa hatifungani ya miaka 10, na fedha zenyewe huingia katika mfuko mkuu wa Serikali ambako haiwezekani tena kusema zilifanya nini. Hatifungani inayorejeshwa kwa mafungu matatu katika miaka mitatu ya mwisho ni bora kuliko inayodai mtaji wote siku moja, hata ikiwa riba yake imezidi kidogo.

Mikopo inayodhaminiwa kwa rasilimali inastahili neno fupi. Angola ilikopa kwa njia hiyo kutoka China kuanzia mwaka 2004, ikilipa kwa mafuta, na iliweza kujenga upya miundombinu baada ya vita. Lakini bei ya mafuta ilipoanguka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya 30 mwanzoni mwa 2016, kila dola ya deni ilianza kudai mapipa mengi zaidi, wakati uleule ambapo mapato ya Serikali yalikuwa yamepungua. Ubaya mwingine ni usiri. Msumbiji ilipobainika mwaka 2016 kuwa na mikopo iliyofichwa iliyochukuliwa kwa dhamana ya Serikali mwaka 2013 na 2014, wahisani walisimamisha misaada ya bajeti, na ukuaji uliozoea kuzunguka asilimia 7 ukaanguka chini ya asilimia 4.

Nani achague kipi

Nchi inayokusanya kodi chini ya asilimia 15 ya pato, na yenye mauzo ya nje yanayotegemea bidhaa moja au mbili, haina sababu ya kwenda kwenye hatifungani ya kimataifa hata masoko yakiwa yanaigombea. Ichukue mkopo nafuu wote inaoweza kuusimamia, ivumilie urasimu wake, na iweke nguvu katika kuandaa miradi mapema, maana ucheleweshaji mwingi unaolaumiwa kwa wakopeshaji huanzia kwenye upembuzi yakinifu ambao haujakamilika na fidia ya ardhi ambayo haijalipwa.

Nchi yenye mifuko ya pensheni iliyokua na mfumuko wa bei uliotulia inaweza kuelemea soko la ndani, kwa sharti moja nisilolilegeza: iuze hatifungani za miaka 10, 15 na 20, na iziache dhamana za muda mfupi kwa ajili ya kusawazisha mapato na matumizi ya mwaka. Kipimo cha kuangalia ni ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi. Ukishuka miaka miwili mfululizo huku mabenki yakizidi kujaza dhamana za Serikali vitabuni, soko la ndani limefikia kikomo chake, haidhuru uwiano wa deni unasema nini.

Hatifungani ya nje ibaki kwa nchi ambazo mradi unaogharimiwa utaingiza au kuokoa fedha za kigeni: bandari inayopokea mizigo ya majirani, umeme unaoondoa uagizaji wa dizeli, bomba la gesi ya kuuzwa nje. Kuitumia kulipa mishahara au kufuta nakisi ya kawaida ni kuiongezea bajeti ya miaka 10 ijayo tatizo la dola juu ya tatizo la shilingi.

Ikiwa mzigo tayari umekwisha kulemea

Hapa machaguo ni machache na yote yana gharama. Romania chini ya Nicolae Ceaușescu iliamua katika miaka ya 1980 kulipa deni lote la nje kwa kupunguza uagizaji na kugawa chakula na umeme kwa mgao, ikamaliza kulipa mwaka 1989 na uchumi uliochakaa, hakuna aliyeiga. Jamaika ilibadilisha masharti ya deni lake la ndani mwaka 2010 na tena 2013, ikabakiza ziada kubwa ya bajeti kwa miaka mingi kwa makubaliano ya Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, na deni lake lililozidi asilimia 140 ya pato likashuka kwa takriban nusu katika muongo mmoja. Ukuaji wake ulibaki mdogo katika kipindi chote hicho, kwa hiyo anayeitoa Jamaika kama mfano hana budi kusema ni mfano wa nini.

Inapobidi kupanga deni upya, aina za deni huonyesha tofauti zao kwa mara ya mwisho. Zambia iliacha deni la ndani nje ya mpango wake, ikawakabili wakopeshaji wa nje peke yao, na mabenki yake yakabaki salama, lakini mazungumzo yalichukua zaidi ya miaka mitatu, na wenye hatifungani walikamilisha makubaliano katikati ya 2024. Ghana ilianza na deni la ndani, ambalo lingeweza kubadilishwa kwa haraka kwa kuwa liko chini ya sheria zake, na wenye hatifungani za nje wakafuata Oktoba 2024. Haraka hiyo ililipiwa na mabenki, yaliyoandika hasara kubwa katika vitabu vya 2022, na pia watu binafsi waliokuwa wameweka akiba zao kwenye hatifungani za Serikali. Wastaafu waliandamana hadi Wizara ya Fedha mpaka wakaachwa nje ya mpango. Baada ya hapo Serikali ililazimika kuunda mfuko wa kuyaimarisha mabenki yaleyale yaliyopoteza mtaji, na sehemu ya fedha za mfuko huo ikatoka kwenye mkopo mpya wa Benki ya Dunia.